Somo wa Kwanza Tulimpata, wa Pili Yuko Wapi?

Nilipovunja ungo, mwaka wa 1984, sikuachwa peke yangu hata kwa saa moja. Kabla jua la siku ile halijatua, somo yangu alikwisha kuja, akaingia chumbani na kufunga mlango. Alikuwa bibi wa makamo, rafiki wa mama, mwenye sauti ya chini na nguo zenye kunukia udi. Akanifunza namna ya kujistiri, namna ya kufua na kuanika pasipo kuonekana, na namna ya kujitwahirisha damu ikatikapo ili nirudi kwenye msala. Chuoni nako, hapo Mji wa Kale, Mombasa, mwalimu wetu wa kike alikuwa ametusomesha mlango wa hedhi katika Safina: kwamba uchache wake ni mchana mmoja na usiku wake, kwamba ghalibu yake ni siku 6 au 7, na kwamba wingi wake ni siku 15. Tuliyahifadhi hayo kwa sauti, kama tulivyohifadhi juzuu ya Amma.

Basi mlango wa kuingilia ulikuwa na watu wawili wa kutupokea, somo na mwalimu. Mlango wa kutokea, nilipoufikia miaka 37 baadaye, haukuwa na mtu. Somo yangu alikwisha kufariki, Mwenyezi Mungu amrehemu, na hata angalikuwa hai sidhani kwamba angalikuja, kwa sababu kazi hiyo haimo katika desturi. Hakuna ngoma ya mwanamke aliyekoma hedhi, wala hakuna anayemfungia mlango na kumwambia: mwanangu, sasa yatakupata haya na haya.

Msomaji mpenzi, nilisita sana kuyaandika haya gazetini. Sisi watu wa pwani tumelelewa kwamba mambo ya ndani huzungumzwa ndani. Lakini nimeona kwamba haya hayazungumzwi hata huko ndani, na gharama ya kimya hicho nimeiona ikilipwa na dada yangu wa tumbo moja. Yeye mwenyewe ameniruhusu nisimulie habari yake, kwa sharti kwamba jina lake lisitajwe.

FUKUTO LISILO LA KASKAZI

Nianze na yangu. Mwanzoni mwa mwaka wa 2021, wakati wa kaskazi, nilidhani ni joto la Mombasa ambalo kila mmoja hulilalamikia. Nilikuwa nimeketi arusini, ndani ya buibui, mara likanipanda fukuto kutoka kifuani hadi usoni, masikio yakawaka, jasho likanitiririka mgongoni, na moyo ukanienda mbio. Baada ya dakika chache likapita, nikabaki na ubaridi kama niliyenyeshewa. Nilipowatazama wenzangu, wote walikuwa wamekaa kitako wakijipepea kwa raha zao.

Kaskazi ikaisha, kusi ikaingia, na fukuto likabaki. Usiku nikawa naamka nimelowa, nabadili kanga, nalala, naamka tena. Nilikwenda hospitali moja ya mjini, nikaeleza kwamba natoka jasho usiku na mwili unanichemka. Nikapewa dawa ya malaria. Nikameza, sikupona, nikarudi, nikapewa tena. Mara zote mbili kipimo cha damu hakikuonyesha malaria. Mara zote mbili hakuna aliyeniuliza nina umri gani na hedhi yangu iko vipi. Nami sikusema, kwani aliyenipima alikuwa kijana wa kiume wa umri wa mwanangu wa pili.

Yalifuata mengine. Hasira za ghafla, ambazo kwa tabia yangu si mwenye nazo. Viungo kuuma asubuhi. Usingizi kukatika saa nane za usiku na usirudi. Lakini lililonitia hofu zaidi ni kusahau maneno. Mimi ni mtu wa mashairi; riziki yangu na starehe yangu ni vina. Nikawa naitafuta kina cha kati, nalijua neno lipo, nalihisi ulimini, na haliji. Nikaamini kwamba akili imeanza kuniondoka, nikalificha hilo hata kwa mume wangu.

Yeye naye, maskini, alikuwa na yake. Nilikuwa nimehama kitanda kwenda kulala sebuleni, sakafuni, chini ya panka. Akadhani nimemchoka. Huko barazani, wazee wenziwe walikwisha kumwambia kwamba mwanamke akikatika damu amekwisha, na kwamba dawa ya mke aliyekwisha ni mke mwengine. Tulikaa nyumba moja miezi kadhaa, kila mmoja akimdhania mwenziwe ubaya, na ubaya haukuwepo.

Na mimi ni katika wenye bahati. Jirani yangu, alipoanza kuchemka na kulia bila sababu, jamaa zake walisema ana pepo. Akafukizwa, akapungwa, fedha nyingi zikaenda kwa mganga, na fukuto likaendelea pale pale.

DADA NA VIDONGE VYA MASKATI

Dada yangu amenizidi miaka 6. Hedhi yake ilikoma mwaka wa 2016, naye akasumbuliwa na fukuto hilo hilo, ingawa hakuniambia, nami sikuwa na akili ya kumwuliza. Mwaka wa 2019 alikuja binamu yetu kutoka Maskati kuhudhuria arusi. Usiku mmoja wakilala chumba kimoja, binamu akamwona dada akiamka mara tatu kujifuta jasho. Akacheka, akafungua mkoba wake, akamtolea vidonge. "Meza hivi, dada. Mimi vimenirudishia usingizi wangu."

Ilikuwa kweli. Katika wiki chache fukuto la dada likatulia. Binamu aliporudi Maskati akawa anampelekea pakiti kwa kila anayekuja Mombasa. Dada alivimeza karibu miaka mitatu, bila ya kuonana na daktari hata mara moja, akimwombea binamu dua.

Mwaka wa 2022, mwezi wa Rajabu, dada alinijia baada ya sala ya magharibi. Akakaa kitandani, akasema kwa sauti ya chini: "Mdogo wangu, wewe ndiwe uliyesoma. Damu imenirudia, yapata siku tano. Nisali au nisisali?"

Nilifurahi kuulizwa. Nikamjibu kama nilivyosomeshwa: kwamba katika madhehebu yetu ya Shafii hedhi haikuwekewa umri wa mwisho, na kwamba damu ikitoka zaidi ya mchana na usiku na isipite siku 15, huhesabiwa hedhi hata kwa mwanamke mkubwa. Basi aiache sala, akitwahirika aoge. Akashukuru, akatabasamu na kusema, "Basi mimi ni kijana tena." Tukacheka sote wawili.

Msomaji, nimeirudia mara nyingi jioni ile moyoni mwangu. Suala la sala nililijibu kama nilivyofundishwa na waliojua kuniliko. Lakini suala la pili, ambalo yeye hakuliuliza na mimi sikulifikiri, ni hili: damu ya mwanamke ambaye hedhi yake imekoma miaka sita, inatoka wapi? Vitabu vyetu wenyewe vina mlango wa istihadha, yaani damu ya maradhi. Nilikuwa naujua mlango huo kwa moyo. Sikuufungua.

Damu ilirudi tena baada ya miezi miwili, kisha tena. Ni binti yake aliyemshika mkono na kumpeleka hospitali. Akapigwa picha ya tumbo, ikaonekana ngozi ya ndani ya kizazi imenenepa kupita kiasi. Kikachukuliwa kinofu kidogo kikapimwa, ikajulikana kwamba chembe zake zimeanza kubadilika, zinaelekea kwenye saratani. Daktari, mwanamke mtulivu wa makamo, akamwuliza, "Bi, unatumia dawa gani?" Dada akajibu kwamba hatumii dawa yoyote. Hakuongopa. Kwake yeye vile havikuwa dawa. Vilikuwa zawadi ya binamu.

Ni mimi niliyeviona, siku ile nilipokwenda nyumbani kwake kumtafutia nguo za hospitali. Vilikuwa ndani ya kijaluba kabatini, vimefungwa kwa leso. Nikavichukua kwa daktari. Akaisoma pakiti, akashusha pumzi, akaniuliza, "Aliyempa, ana kizazi au ametolewa?" Binamu alikuwa ametolewa kizazi kwa sababu ya uvimbe, miaka mingi nyuma. Daktari akatikisa kichwa. "Kwake yeye ilikuwa dawa sawasawa. Kwa dada yako haikuwa." Hakuapa kwamba vidonge peke yake ndivyo vilivyoleta maradhi, lakini alisema kwamba njia hiyo inajulikana vyema.

Dada alitolewa kizazi kabla saratani haijashika. Leo yu mzima, anapika mahamri asubuhi na kunigombeza kama kawaida. Lakini najua tulikuwa karibu kiasi gani na mlango mwengine.

DAWA YENYEWE NI NINI

Baada ya hapo nilichukia hata kulisikia jina la dawa za homoni. Hata hivyo fukuto langu halikujali chuki yangu. Mwaka wa 2023 nikarudi kwa daktari yule yule, safari hii na karatasi niliyoandika masuala 11, nikamwomba anieleze kama anavyomweleza mtu asiyejua kitu. Nitayasimulia aliyoniambia pamoja na niliyoyasoma baadaye.

Ovari mbili za mwanamke, pamoja na kutoa yai la kila mwezi, hutengeneza homoni, yaani vijumbe vinavyosafiri katika damu na kuamrisha viungo. Kubwa ni mbili: estrojeni na projesteroni. Aghalabu kati ya miaka 45 na 55 ovari huacha kazi hiyo, si kwa siku moja bali kwa kupanda na kushuka kwa miaka kadhaa. Mwanamke huhesabiwa amekoma hedhi akitimiza miezi 12 mfululizo bila kuona damu, pasipo sababu nyengine. Ikikoma kabla ya miaka 40, hilo ni jambo la kumwona daktari upesi.

Katika ubongo kuna mahali padogo panapopima joto la mwili. Estrojeni ikipungua, mahali hapo huwa pepesi wa kushtuka: joto likizidi kidogo tu, mwili hudhani unaungua, hufungua mishipa ya ngozi na kumwaga jasho. Hilo ndilo fukuto. Si malaria wala si pepo. Uchunguzi uliofanywa Marekani na kutolewa mwaka wa 2015 ulionyesha kwamba nusu ya wanawake waliosumbuliwa nalo mara kwa mara waliendelea nalo kwa zaidi ya miaka 7, na kwa Wamarekani weusi ilipita miaka 10. Basi wanaotuambia tuvumilie, litapita, hawakukosea kwamba litapita; wamekosea kuhusu urefu wa safari.

Fauka ya hayo, estrojeni ilikuwa ikilinda mifupa, na ikiondoka mifupa huanza kupungua uzito, ndiyo maana bibi akianguka bafuni huvunjika nyonga. Ilikuwa pia ikiweka unyevu katika sehemu za siri. Ikiondoka huja ukavu, unyumba ukauma, na mkojo ukachoma. Wanawake wangapi wameitwa wakaidi kwa ajili ya maumivu ambayo hawakuwa na neno la kuyataja!

Dawa ya homoni ni kurudisha kiasi kidogo cha kilichopungua. Huko Marekani, vidonge vya estrojeni vilivyotokana na mkojo wa farasi jike wenye mimba viliruhusiwa kuuzwa mwaka wa 1942, vikaenea sana. Kisha mwaka wa 1975 ikabainika kwamba wanawake wenye kizazi waliotumia estrojeni peke yake walipatwa zaidi na saratani ya kizazi. Sababu yake ni hii: estrojeni hunenepesha ngozi ya ndani ya kizazi, na projesteroni ndiyo huizuia. Ukitia ya kwanza bila ya pili, ni kama kumwagilia shamba bila ya kulipalilia. Tangu hapo, mwenye kizazi hupewa zote mbili. Aliyetolewa kizazi, kama binamu yetu, aghalabu hupewa estrojeni peke yake, kwa kuwa hana shamba la kuota magugu.

Niliposikia hayo nililia pale pale mbele ya daktari. Jambo lililojulikana tangu mwaka wa 1975 lilikuwa halijafika nyumbani kwa dada yangu mwaka wa 2019.

HESABU YA MWAKA WA 2002

Suala langu la pili lilikuwa saratani ya matiti, kwani hilo ndilo kila mwanamke aliyesikia habari za homoni amelisikia. Daktari akanirudisha Julai 2002, uliposimamishwa kabla ya wakati wake uchunguzi mkubwa wa Marekani juu ya wanawake 16,608 waliokuwa wakipimwa kwa dawa ya homoni mbili pamoja. Habari ikazunguka dunia nzima, na wanawake wengi wakavitupa vidonge vyao.

Akanitolea hesabu yenyewe. Katika wanawake 10,000 wasiotumia dawa, waliopatwa na saratani ya matiti kwa mwaka mmoja walikuwa 30. Katika 10,000 waliotumia, walikuwa 38. Kiharusi kilipanda kutoka 21 hadi 29. Waliovunjika nyonga, kwa upande mwengine, walipungua kutoka 15 hadi 10. Basi hatari ipo, haikatazwi kutajwa. Lakini ni ya watu 8 katika 10,000 kwa mwaka, si kama tulivyodhani kwamba kila amezaye hupatwa. Na jambo jengine: wastani wa umri wa wanawake wale ulikuwa miaka 63, na wengi wao walikwisha kukoma hedhi zamani. Hawakuwa wanawake wa miaka 51 wanaoamka usiku wamelowa.

Tangu hapo wataalamu wameyapima upya, na rai iliyokubaliwa na wengi wao ni kwamba mwanamke mwenye usumbufu, aliye chini ya miaka 60 au ambaye haijapita miaka 10 tangu hedhi ikome, na asiye na kizuizi, faida ya dawa kwake aghalabu hushinda hatari. Mwezi wa Novemba 2025 idara ya dawa ya serikali ya Marekani ilitangaza kwamba maonyo makali yaliyokuwa yamebandikwa kwenye pakiti za dawa hizi, ya moyo, ya saratani ya matiti na ya kupotewa na akili, yataondolewa. Onyo moja ilisema litabaki: lile la saratani ya kizazi kwa estrojeni ya peke yake inayoenea mwilini. Nilipoisoma habari hiyo nilimpigia simu dada. Akanyamaza kidogo, akasema, "Basi lile lililobaki ni langu."

Vizuizi navyo ni lazima vitajwe. Aliyewahi kuugua saratani ya matiti, aliyegandiwa na damu miguuni au mapafuni, aliyepatwa na kiharusi au maradhi ya moyo, mwenye ini bovu, na anayetoka damu isiyojulikana sababu yake, hao dawa hii kwa kawaida si yao. Kwao na kwa wasioitaka zipo dawa nyengine zisizo homoni, ambazo daktari huchagua. Na mwenye shida ya ukavu peke yake yupo wa kumpa dawa ndogo ya kuweka mahali penyewe, ambayo ni chache mno kufika katika damu.

MASUALA YA MTU ALIYESOMA CHUONI

Katika karatasi yangu yalikuwepo masuala mawili ambayo daktari alitabasamu, lakini hakuyacheka. La kwanza: huo mkojo wa farasi, je, si najisi? Akaniambia kwamba dawa aliyokusudia kunipa haikutokana na mnyama. Estrojeni na projesteroni nyingi za siku hizi hutengenezwa maabarani kutokana na mimea, kama vile soya na viazi vikuu vya mwitu. Njia hiyo ya viazi vikuu ilifunguliwa na mwanakemia Russell Marker huko Mexico katika miaka ya 1940. Nikamwuliza kama basi naweza kula viazi vikuu vya nazi nikapona. Akasema nile kwa raha yangu, lakini tumbo la mwanadamu haliwezi kufanya kazi ile ya maabara.

La pili lilikuwa saumu. Hilo nilimpelekea shekhe, na akanijibu kwamba kibandiko cha dawa juu ya ngozi, kwa rai ya mafakihi wengi wa zama hizi, hakifunguzi. Kidonge cha usiku humezwa baada ya futari. Yakaisha.

Nikapimwa presha, nikapimwa matiti, nikaulizwa habari za mama na mashangazi. Mwisho nikaamua kutumia: kibandiko cha estrojeni ninachobadilisha mara mbili kwa wiki, ambacho hatari yake ya kugandisha damu ni ndogo kuliko ya kidonge, pamoja na projesteroni wakati wa kulala, kwa kuwa mimi nina kizazi. Si dawa rahisi kwa mfuko wa mwandishi, wala si kila duka la dawa linayo. Usingizi ulirudi katika mwezi wa kwanza. Maneno pia yalirudi, ingawa siwezi kusema kama yaliletwa na dawa au na usingizi. Kila mwaka tunakaa na daktari tukatazama upya kama bado naihitaji.

Dada yangu, baada ya kutolewa kizazi, alielezwa yote haya na akachagua kutotumia chochote. Anafungua madirisha, analala na kanga nyepesi, ameacha chai ya usiku, na fukuto lililobaki analivumilia. Sikumshawishi. Yeye anaujua mwili wake, na sasa anajua anachokikataa.

Na mume wangu? Siku niliyomweleza, alisikiliza hadi mwisho bila ya kunikatiza, jambo ambalo si desturi yake. Kisha akasema, "Mbona hukuniambia?" Nikamwambia, "Nilikuwa sijui la kukuambia." Jioni ile alihamisha panka kutoka sebuleni kulileta chumbani.

WALIOKATA TAMAA NA NINI?

Katika Kiarabu umri huu huitwa umri wa kukata tamaa. Neno hilo limetokana na sura ya Talaka, aya ya 4, inayotaja eda ya wanawake waliokata tamaa na hedhi, kwamba ni miezi mitatu. Tangu utoto nililisoma neno lile na kulihuzunikia, na barazani wanalisema kama hukumu. Lakini nimeirudia aya kwa macho ya leo, nikaona jambo ambalo sikuliona chuoni: tamaa waliyoikata ni ya hedhi. Haikutajwa tamaa ya maisha, wala ya usingizi, wala ya mapenzi ya nyumba zao. Na kule kuwekewa eda yao ni dalili kwamba sharia iliwahesabu kuwa wanawake wa kuolewa na kuachwa, si watu waliokwisha.

Basi ombi langu ni dogo. Makungwi wetu bado wapo, na masomo bado wanafunga milango kwa ajili ya wari. Walimu wa kike bado wanasomesha mlango wa hedhi na mlango wa istihadha. Kila mmoja wao aongeze maneno machache: kwamba hedhi ina mwisho, kwamba mwisho huo una dalili zake, na kwamba damu itokayo baada ya mwaka mzima wa kukoma, hata ikiwa tone, iulizwe kwa shekhe kwa ajili ya sala na iulizwe kwa daktari siku hiyo hiyo kwa ajili ya roho. Na dawa ya mwenzio, hata akiwa binamu anayekupenda, usiimeze kwa sababu yeye imemfaa.

Mwezi uliopita, katika mkesha wa arusi ya mpwa wangu, wanawake wa rika langu tulikuwa tumekaa jikoni tukimenya vitunguu. Mmoja akaanza kujipepea kwa sahani, uso umemwiva. Wengine wakatazama chini. Nikaweka kisu, nikaenda kufunga mlango, nikarudi kukaa karibu yake kama somo yangu alivyokaa karibu yangu. Hatukumaliza vitunguu hadi saa saba za usiku. Beti hii niliitunga baada ya hapo, nikawapa:

Mwezi uliposimama, sikujuwa la kufanya,
Nikanyamaza kwa wema, kimya kikanidanganya,
Ambieni kina mama, wasizidi kujikanya,
Penye kuuliza pana, na njia ya kutokea.